Dirisha la Ukubwa wa Punje ya Mchele

Jumanne, tarehe nne Machi, nilimpoteza mume wangu. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka kumi na tisa, yote hapa Kangemi, tukihama kutoka chumba kimoja hadi kingine mara tatu. Alikuwa na kifafa. Asubuhi ile niliamka, nikachemsha maji, nikavaa, nikatoka kwenda kazini. Sikumsemesha kwa sababu tulikuwa hatusemezani. Alikuwa amelala kwa ubavu, amegeukia ukuta. Saa nne mnyapara wake alinipigia simu kuuliza mbona hajafika, nami nikampigia jirani, na jirani akaenda akasukuma mlango. Daktari alisema alifariki usingizini, alfajiri au mapema asubuhi. Kwa hiyo sijui kama alikuwa hai nilipokuwa nikichemsha maji. Watu wameniambia nisilifikirie jambo hilo, nami silifikirii sana. Nalitaja kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Hatukuwa tukisemezana kwa sababu ya neno moja nililomletea kutoka kazini kwangu. Nataka kueleza neno hilo lilivyotokea, na ili nilieleze inanipasa nieleze kwanza kazi ninayofanya.

Nafanya usafi katika maabara moja Upper Hill. Shule niliishia darasa la nane. Napiga deki, nafuta meza, na naosha vyombo vya kioo kwa maji ya kawaida, halafu kwa maji maalumu yanayotoka kwenye mtambo wao, mara tatu. Maabara hiyo si ya hospitali, ni ya mradi. Wanajaribu kutengeneza mashine ndogo ya kupima kiasi cha dawa katika damu ya mgonjwa. Zipo mashine kubwa za kazi hiyo, kubwa kama kabati, lakini zinahitaji damu nyingi na zinakaa katika hospitali kubwa. Hii ya kwao ingekaa juu ya meza ya zahanati yoyote na kuridhika na tone moja la kidoleni.

Mkuu wa mradi ni mama mmoja wa makamo, tunamwita profesa. Anayeshughulika na mashine yenyewe ni kijana wa miaka thelathini na kitu, kwao ni upande wa magharibi kama kwetu. Nilipoanza kazi nilimwita daktari. Akaniambia, "Mama, mimi ni fundi tu. Ukiniita daktari, siku moja nitaitwa kutibu mtu." Niliendelea kumwita daktari. Yeye akachoka kukataa.

Wiki yangu ya kwanza alibandika karatasi juu ya meza ya mashine, imeandikwa kwa kalamu nyekundu: USIGUSE DIRISHA. Chumba hicho kina madirisha mawili makubwa yanayotazama barabara. Upper Hill hawaachi kujenga, na vumbi la saruji haliishi. Nilifuta kila kitu chumbani isipokuwa madirisha. Mwezi ukapita. Siku moja profesa alisimama katikati ya chumba akaniuliza, kwa upole, kama kuna jambo lolote baina yangu na vioo vile. Nikamwonyesha karatasi. Yule fundi alicheka mpaka akaketi.

Kisha akaniita nilione dirisha lenyewe. Ndani ya mashine kuna bomba la kioo jembamba kama uzi, na tundu lake la ndani ni jembamba kuliko unywele. Nje limepakwa utando wa rangi ya kahawia ili lisivunjike. Mahali pamoja wanaunguza utando huo kwa moto wa kiberiti, wanapapangusa kwa spiriti, na kioo kinabaki kitupu. Mahali hapo pana urefu wa punje ya mchele. Ndipo mwanga wa taa unapopita kutoka upande mmoja hadi mwingine, na upande wa pili kuna kitu wanachokiita jicho.

"Dirisha ni hii, mama," alisema. "Ukiipumulia vibaya inavunjika."

Jioni nilimsimulia mume wangu. Yeye alikuwa fundi wa rangi. Alikuwa akipaka majumba ya ghorofa Kileleshwa, na kazi aliyopewa zaidi ilikuwa kingo za madirisha, kwa sababu mkono wake haukutetemeka na hakupenda kutumia utepe wa karatasi wa kuzuia rangi. Alivuta mstari kwa brashi tu, rangi ikafika kwenye kioo isikiguse. Aliposikia habari ya dirisha la punje ya mchele alisema, "Miaka yote napaka madirisha, na kumbe ya kwenu haionekani hata kwa miwani." Akauliza linapakwa rangi gani. Nikamwambia halipakwi, linaondolewa rangi. Jambo hilo lilimfurahisha, akawa anawasimulia wenzake.

Sasa nieleze jinsi mashine inavyofanya, kama nilivyoelezwa. Damu inasafishwa, kinachobaki kinasukumwa pamoja na maji fulani kupitia kibomba kilichoshindiliwa unga mweupe. Vitu vilivyo ndani ya damu vinaingia vyote pamoja lakini havitoki pamoja. Fundi alisema ni kama watu wanaotoka kanisani. Vijana wanatoka mbio, wazee wanabaki wakisalimiana kila benchi, na anayetoka mwisho ni yule mama ambaye lazima amsalimie mchungaji. Kila kitu kina dakika yake ya kutoka. Kikipita mbele ya dirisha kinapunguza mwanga kidogo, jicho linatambua, na kompyuta inainua mstari. Kwenye kioo cha kompyuta unaona mstari ulionyooka, halafu kilima, halafu mstari tena.

Mwezi wa Januari mradi ulitafuta watu wanaokunywa dawa ya kifafa, ili wachukuliwe tone la damu la kujaribia mashine. Nilimwambia mume wangu. Alisema, "Kama ni tone moja, wachukue. Mbu wa Kangemi huchukua zaidi." Alikuja Jumamosi moja akiwa na nguo zake za kazi, akatia sahihi, akachomwa kidole, damu ikaachwa ikauke juu ya karatasi nene. Akapewa namba, thelathini na moja. Alisomewa kwamba majibu hayatatolewa kwa mtu yeyote, kwa kuwa kinachopimwa ni mashine na si mgonjwa. Alisema ameelewa. Mimi pia nilikuwepo, na nilielewa.

Lakini nilikuwa na shaka yangu. Tangu Desemba alikuwa amepata kifafa mara mbili, mara moja mbele yangu na mara moja kazini, chini, akichanganya rangi, kwa bahati nzuri hakuwa ameparamia ngazi. Hapo awali alikuwa amekaa karibu mwaka mzima bila kuanguka. Alikuwa akilalamika kwamba vidonge vinamfanya aone vitu viwiliviwili, hasa asubuhi, kwamba ukingo wa dirisha anauona mara mbili na hajui aupake upi. Muuguzi wa zahanati alimwambia asipunguze chochote bila kurudi kuzungumza naye. Nilimuuliza mara nyingi kama anakunywa dawa. Alinijibu, nakunywa.

Siku moja ya Februari nilikuwa napiga deki kwenye ujia, fundi akatoka ameshika kikombe chake. Nikamuuliza kuhusu namba thelathini na moja. Najua kwamba sikupaswa kumuuliza. Alitazama nyuma kwanza. Akasema wengine wanaonekana, vilima vyao ni vya kutosha. "Yake bado hatujaona kitu, mama."

Hayo ndiyo maneno yake. Nayakumbuka kwa sababu nimeyarudia mara nyingi tangu wakati huo. Wakati ule niliyabeba kutoka Upper Hill hadi Kangemi, na nilipofika nyumbani yalikuwa yamegeuka kuwa neno lingine.

Mume wangu alikuwa nje ya mlango, anaosha brashi zake kwenye kopo. Sikungoja aingie ndani.

"Wamepima," nikamwambia. "Hakuna kitu."

"Hakuna vipi?"

"Hakuna. Damu yako haina dawa."

"Nakunywa."

"Unanidanganya. Mashine haina sababu ya kukusingizia."

Alikamua brashi, akainyoosha nywele zake kwa vidole kama alivyofanya kila siku. Akasema, "Dirisha lenyewe dogo hivyo, litaona nini?"

Nilidhani ananidhihaki. Nilimwambia kwamba watu waliosoma wanakaa na mashine ile mchana kutwa, na kwamba mimi sikuolewa nije kuzika mtu aliyejiua kwa ukaidi. Nilisema hivyo na majirani wakasikia. Yeye akamwaga maji ya kopo. Akaingia ndani, akala, akalala. Kuanzia jioni hiyo tukawa tunaongea yale ya lazima tu, maji yameisha, nani atanunua makaa, watoto wamepiga simu kutoka shule. Zilikuwa siku kumi na moja. Ya kumi na mbili ilikuwa Jumanne ile.

Tulimzika kwao. Mvua ilikuwa imeanza, gari lilikwama kilomita mbili kabla ya kufika, wanaume wakabeba jeneza kwa mabega. Shemeji zangu waliniuliza alikuwa anakunywa dawa au la. Nilisema kwamba sijui. Mama mkwe akasema mtoto wake hakuwa mtu wa kuacha dawa. Sikumpinga mbele ya watu, na wala sikukubaliana naye. Mara nyingi nilijiambia kwamba alijiletea. Ilinisaidia. Kumwonea mtu hasira ni rahisi kidogo kuliko kumlilia, na mimi nilikuwa na safari ya kurudi, watoto wa kupeleka shule, na kazi.

Nilirudi kazini baada ya wiki mbili. Fundi alinipa pole kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili. Hakutaja namba, nami sikuitaja.

Mwezi wa Mei walikuwa wamechoka na ile mashine. Vilima vilikuwa vidogo mno, na damu ya baadhi ya watu haikuonyesha kilima kabisa. Profesa aliagiza bomba la namna nyingine, ambalo pale penye dirisha limepindwa kama herufi Z, ili mwanga usikatize bomba kwa upana bali upite ndani yake kwa urefu, kwenye ule mstari wa katikati. Pia taa ikabadilishwa, wakaleta taa ndogo isiyotetemeka, na jicho jipya. Niliwasikia wakibishana juu ya Z kwa siku nzima. Saa nne, wakati wa chai, nilimuuliza fundi kwa nini bomba lipindwe.

Siku hiyo maziwa yalikuwa yameisha, tulikuwa na strungi, chai isiyo na maziwa. Alichota kijiko kimoja, akakishika karibu na uso wangu.

"Hii ni rangi gani?"

Nikamwambia ni kama maji yaliyochafuka kidogo.

Akainua gilasi yake ndefu, akaniambia nichungulie kutoka juu mpaka chini. "Na hii?"

"Nyeusi."

"Na si ni chai moja? Hakuna mtu ameongeza majani." Akakinywa kile kijiko. "Bomba letu ni kama kijiko, tena kijiko cha sisimizi. Mwanga unapita mara moja, umetoka. Dawa ikiwa kidogo, jicho linaona ni kama maji. Si ati haiko, mama. Ni sisi hatuoni. Ukilaza mwanga ndani ya bomba, hapo sasa unaangalia gilasi."

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kufutia meza. Nilikiweka chini.

Nikamuuliza, "Na ile thelathini na moja?"

Alishusha gilasi. Niliona amekumbuka.

"Nilikuambia bado hatujaona," alisema.

"Ndiyo. Mimi nikaenda nikamwambia hakuna."

Akamwaga chai iliyobaki kwenye sinki, na gilasi akaiosha mwenyewe, kazi ambayo si yake. Mimi nikamaliza kufuta meza, nikaenda kuosha vyombo vya kioo, mara tatu kama kawaida. Sikulia. Nilichokuwa nikifikiria ni ile karatasi yenye damu. Nilijua karatasi zote zilihifadhiwa kwenye friza ya mwisho, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa napangusa barafu ya mlango wake.

Siku mbili nilingoja kama fundi atasema jambo. Hakusema. Nilimwelewa. Kunijibu kwenye ujia kulikuwa kosa linaloweza kumwachisha kazi, na alikuwa na mtoto mchanga. Lakini nilitaka kujua. Mtu niliyemwita mwongo alikuwa ameshazikwa, na nilikuwa nimeacha swali la mama mkwe bila jibu. Kama alidanganya, nilitaka kujua alidanganya. Kama hakudanganya, ilibidi nijue hivyo pia.

Siku ya tatu nilikwenda kwa profesa. Nilimweleza yote kwa mpangilio: niliuliza, nikajibiwa, nikabeba jibu vibaya. Nikasema kosa la kuuliza ni langu. Alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi zake. Akasema kosa la kuuliza ni langu, la kujibu si langu, na hawezi kulifumbia macho. Akasema pole kwa msiba. Akasema ataiandikia kamati inayosimamia haki za wanaojitolea, aulize kama anaweza kuniambia matokeo, kwa kuwa mwenyewe hayupo na mimi ni mke wake. Karatasi zote zilikuwa zipimwe upya kwa dirisha jipya hata hivyo, kwa zamu. Zamu hataivuruga.

"Wakikubali, nitakuambia mimi mwenyewe," alisema. "Na utayabeba maneno yangu jinsi yalivyo."

Fundi alipewa barua ya onyo. Alinikuta jikoni akiwa ameishika, imekunjwa mara nne.

"Mama, si ungeniambia kwanza unaenda?"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza," alisema. Akafikiri. "Na ungeenda tu."

"Ningeenda."

Kwa wiki nzima hatukuongea zaidi ya salamu. Kilichoturudisha ni mwanga. Jicho jipya lilikuwa kali kiasi kwamba lilisumbuliwa na kila kitu. Mtu akifungua mlango, mstari unaruka. Jua likitoka nyuma ya wingu, mstari unapanda wote kama mlima. Walifunika mashine kwa boksi, wakaongeza karatasi ya fedha ya kufungia nyama, wakabandika utepe mweusi wa gundi, bado mstari ulitetemeka. Fundi alisimama akikiangalia kile kitu kilivyo kibaya. Nikamwambia kwamba boksi lina pembe, na mwanga unaingia penye pembe. Kinachotakiwa ni mfuko wa kitambaa kizito, wa tabaka mbili, na mishono isiwe mahali pamoja. Nilishona sare za shule kabla ya kupata kazi hii.

Alinipeleka kwa profesa niseme tena. Profesa akanituma mjini.

Nilikwenda mtaa wa Biashara, kwenye maduka ya vitambaa. Niliomba kitambaa cheusi, kizito. Mama wa duka alinitazama, akaniona nina kitambaa cheusi kichwani, akasema pole sana mama. Nikamwambia asante. Alipokikunjua nilikiinua kwenye mwanga wa mlango kuona kama kinapitisha. Nikarudisha cha kwanza, nikarudisha cha pili. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba cha msiba hakihitaji kuwa kizito hivyo, nitaumia na joto bure. Nikamwambia ni cha mashine. Akasema pole tena. Cha tatu hakikupitisha chochote.

Nilishona mfuko huo nyumbani kwa siku mbili. Nilipouvisha mashine, fundi alizima taa ya chumba, akaiwasha, akafungua mlango, akaufunga. Mstari haukutikisika. Akasema, "Mama, wewe sasa ni sehemu ya dirisha." Hapo tukawa tumeshapatana.

Kamati ilijibu mwezi wa Julai. Ilikubali, mradi nitie sahihi kwamba nimeelewa kuwa kipimo hicho bado kinajaribiwa. Nilitia sahihi. Zamu ya thelathini na moja ilikuwa Alhamisi, kabla ya saa sita.

Profesa aliniambia niketi. Sikuwa nimewahi kuketi katika chumba kile wakati wa kazi. Fundi alikata duara dogo kwenye ile karatasi, akaliosha, akasafisha yaliyotoka, akayaingiza kwenye mashine. Nililitambua doa la damu. Lilikuwa limegeuka rangi, kama ile rangi ya chini ambayo mume wangu alipaka kwenye vyuma kabla ya rangi yenyewe. Kisha tukangoja. Mstari ulinyooka. Kilikuja kilima kimoja kirefu, nikasogea, lakini fundi akasema hicho ni kitu wanachokiweka wenyewe, cha kulinganishia. Dakika ya dawa ilikuwa ya saba. Niliangalia saa iliyo kwenye kona ya kioo. Ilipofika saba mstari uliinuka, kidogo, ukashuka. Kama si kukaa karibu ningesema ni mkwaruzo. Fundi aliusogeza karibu kwenye kompyuta, ukawa kilima.

Wakarudia. Kikatokea tena, dakika ileile. Wakarudia mara ya tatu.

Profesa aligeuza kiti chake akanitazama.

"Dawa ipo," alisema. "Ni kidogo. Ni pungufu ya tunavyotarajia kwa mtu anayekunywa kipimo alichoandikiwa. Lakini ipo. Mtu aliyeacha wiki nzima asingekuwa nayo. Alikunywa siku hizohizo."

Nilimwomba arudie. Akarudia, polepole, nami nikaandika kwenye karatasi ya kufutia mikono, kwa sababu sikuwa na nyingine. Fundi alitazama madirisha, yale makubwa. Nikasema asante, nikaenda kubadilisha maji ya deki.

Jioni hiyo nilifungua mkoba wake wa kazi. Ulikuwa umekaa chini ya kitanda tangu Machi. Sikuwa nimeugusa kwa sababu nilidhani una brashi tu na ningezigawa siku moja. Zilikuwamo brashi, wembe wa kukwangulia rangi iliyorukia kioo, kitambaa, na kopo dogo la skrubu. Ndani ya kopo mlikuwa na nusu za vidonge. Vilikuwa vimekatwa kwa wembe, kila kimoja katikati kabisa, ukingo umenyooka. Niliujua mkono uliokata. Alikuwa anakunywa nusu ya kila kidonge ili aone mstari mmoja, na nusu ya pili hakuitupa.

Kwa hiyo alikuwa anakunywa. Hakunidanganya. Pia hakuniambia, na muuguzi alimkataza. Sijui kama nusu ile ndiyo iliyomuua, daktari mwenyewe hakuweza kusema. Ninachojua ni kwamba kama ningefika nyumbani jioni ile nikasema bado hawajaona kitu, huenda angenijibu kwa nini. Angeweza kusema, ni kwa sababu nakunywa nusu. Niliposema hakuna, nilimwacha bila mahali pa kujibia. Alijitetea kwa mzaha mmoja tu, kwamba dirisha ni dogo, na mzaha huo ulikuwa sahihi.

Nilimpigia mama mkwe nikamsomea maneno ya profesa kutoka kwenye ile karatasi, na nikamweleza habari ya kopo. Akaniuliza kama nakula. Nikamwambia nakula.

Jumamosi nilipeleka kopo zahanati, kwa sababu wanasema dawa za marehemu zisikae nyumbani. Muuguzi alikuwa yuleyule. Alilifungua, akamimina vidonge kwenye kiganja, akavigeuza kwa kidole.

"Ni vya nani?"

"Vya mume wangu."

"Yule fundi wa rangi. Kwani aliacha kunywa?"

"Hapana," nikamwambia. "Alikuwa anakunywa nusu."

Aliandika kitu kwenye kitabu chake. Akavitia vidonge kwenye ndoo ya dawa za kuteketezwa, akanirudishia kopo.